Kutoka "Kizee Hiki" hadi "Bi Fulani": Sura ya Mwanamke Mzee katika Historia ya Picha

Utangulizi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mwanamke aliyekula chumvi nyingi, na maneno hayo hayana uzito mmoja. Mwanamume akizeeka huitwa mzee, na jina hilo ni la heshima hata kwa yule ambaye umri wake haujafika huko. Mwanamke naye aweza kuitwa mzee; lakini maneno yaliyo karibu zaidi na ulimi wa wengi ni kizee, bikizee na kikongwe, na katika ngano aghalabu hutajwa ajuza. Neno hili la mwisho limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia neno ajizi, yaani udhaifu na kutoweza kutenda. Kwa asili ya jina lake, basi, ajuza ni mtu aliyekwisha kushindwa.

Sarufi nayo ina hukumu yake. Neno kizee lina kiambishi ki-, ambacho, pamoja na kazi zake nyingine, hudogosha. Hata hivyo upatanisho wa kisarufi humpa msemaji nafasi ya kuchagua. Akisema "kizee huyu amekuja", amemhesabu mwanamke huyo miongoni mwa watu, umbo la nomino lisidhuru kitu. Akisema "kizee hiki kimekuja", amemteremsha na kumweka pamoja na viti na vikapu. Wasemaji wote hutambua tofauti hiyo, na asemaye "hiki" huwa hakuteleza ulimi, amekusudia.

Upande wa pili wa mizani kuna neno haiba. Katika Kiarabu asili yake ni ile hofu ya heshima impatayo mtu anapokabiliana na mwenye hadhi. Katika Kiswahili neno limepanuka hata likachukua uzuri wa umbo na mvuto wa tabia. Haiba, basi, huunganisha mambo mawili ambayo lugha nyingi huyatenga, yaani kupendeza na kustahiki heshima. Msichana huwa mzuri; mwanamke mtu mzima huwa na haiba.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya picha za wanawake wazee inaweza kusomwa kama safari baina ya maneno hayo: kutoka "kizee hiki" hadi "kizee huyu", na kutoka hapo hadi kwa mwanamke mwenye jina lake. Hoja yenyewe ni kwamba heshima haikuingia katika picha kwa kuficha mikunjo ya uso, wala haikuingia kwa kuichora tu. Iliingia pale mwanamke alipojulikana ni nani.

Kizee hiki

Kwa karne nyingi sanaa ya Ulaya ilimwonyesha mwanamke mzee bila ya kumjua. Katika makumbusho ya Glyptothek mjini Munich kuna sanamu ya marumaru ya mwanamke mzee aliyeketi chini, amekumbatia chupa kubwa ya mvinyo, uso ameuelekeza juu na kinywa ki wazi. Ni nakala ya zama za Warumi iliyoiga kazi ya Kiyunani ya karne zilizofuata kufa kwa Iskandari Mkuu. Fundi wake alikuwa bingwa: mifupa ya mabega imetokeza, ngozi ya shingo imelegea, na mishipa yaonekana wazi. Wako wataalamu wanaomhusisha mwanamke huyo na sherehe za Dionysus, mungu wa mvinyo. Kwa vyovyote vile hana jina. Yeye ni mfano wa ulevi na uzee, wala si mtu aliyepata kuishi katika mtaa fulani.

Dhihaka hiyo ilifika kileleni mnamo mwaka 1513, pale Quentin Matsys wa Antwerp alipochora picha ambayo sasa imo katika National Gallery ya London. Mwanamke wa picha hiyo ana pua fupi iliyobinuka, mdomo mpana na ngozi iliyokunjamana. Amevaa vazi lililokatwa chini kifuani na kilemba chenye pembe cha mtindo uliokwisha kupitwa na wakati, na mkononi ameshika ua la waridi ambalo halijachanua. Picha yacheka uzee unaotamani kuchumbiwa. Wahenga wa pwani wamesema, "Ujana ni moshi, ukienda haurudi". Lakini methali hiyo humwonya kila mtu, ilhali picha ya Matsys humnyoshea kidole mwanamke peke yake.

Miaka michache kabla ya hapo, kati ya 1506 na 1508, Giorgione wa Venice alikuwa amekwisha kuchora picha inayosimama mlangoni baina ya dhihaka na heshima. Mwanamke mzee amegeuka na kumtazama mtazamaji. Meno yake ni machache, nywele zimechomoza chini ya kitambaa cha kichwani, na mkono ameuweka kifuani kana kwamba ajitaja mwenyewe. Katika mkono huo pana kipande cha karatasi chenye maneno mawili ya Kitaliano yenye maana ya "kwa kupita wakati". Kwa sababu ya maneno hayo picha imesomwa kuwa ni onyo: leo ni mimi, kesho ni wewe. Lakini orodha ya mali iliyoandikwa mwaka 1569 katika nyumba ya ukoo wa Vendramin iliitaja kuwa ni sura ya mama yake Giorgione. Haidhuru kama mwandishi wa orodha alipata au alikosa. Jambo kubwa ni kwamba baada ya miaka sitini mtu aliitazama sura ile, na badala ya kuona funzo akaona mama wa mtu.

Kizee huyu

Hatua ambayo kwa Giorgione ina shaka, kwa Albrecht Dürer wa Nuremberg ni dhahiri. Tarehe 19 Machi 1514 alimchora mama yake, Barbara, kwa makaa juu ya karatasi. Mchoro huo sasa umehifadhiwa Berlin. Barbara amejifunga kitambaa kichwani. Mfupa wa paji la uso umetokeza, mashavu yamebonyea, kano za shingo zimekaza kama kamba, na jicho moja halitazami upande uleule wa jingine. Hakuna kilichopunguzwa ili apendeze. Mtu akitaka kuyapima maungo peke yake, Barbara hayuko mbali na yule mlevi wa marumaru wa Munich.

Tofauti yao imo katika maandishi. Juu ya karatasi hiyo mwana aliandika kwa mkono wake kwamba huyu ni mama yake Albrecht Dürer alipokuwa na umri wa miaka 63; na baadaye akaongeza kwa wino habari ya kufa kwake, maana Barbara alifariki mwezi Mei wa mwaka uleule. Katika daftari lake la kumbukumbu Dürer alieleza pia kwamba mama huyo alizaa watoto kumi na wanane, kwamba aliugua mara nyingi, na kwamba alivumilia umaskini na maneno ya dharau. Kati ya watoto hao ni watatu tu waliofikia utu uzima na kuishi. Akasema tena kwamba baada ya kukata roho uso wake ulipendeza kuliko alipokuwa hai.

Mtazamaji aliyekwisha kuyajua hayo hawezi tena kuiona mikunjo ya Barbara kama alivyoiona mwanzo. Kila mkunjo umekuwa na sababu. Mchoraji hakuhitaji kuupamba uso, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusimulia uso huo ulifikaje pale. Hii ndiyo haiba katika maana yake kamili, wala haikutokana na ulaini wa ngozi.

Jina na gharama yake

Karne moja baadaye, katika Uholanzi, picha za sura zilikuwa biashara kubwa, na wachoraji wenyewe walitofautisha aina mbili. Kulikuwa na picha iliyoagizwa na mtu au jamaa yake ili sura yake ibaki. Na kulikuwa na tronie, yaani kichwa kilichochorwa kwa ajili ya namna ya uso wake, kikauzwa sokoni pasipo haja ya kumtaja mwenye sura. Wanawake wazee walikuwa wengi katika aina ya pili. Rembrandt van Rijn alipokuwa kijana mjini Leiden alichora na kuchapa kwa bamba la shaba nyuso kadhaa za mwanamke mzee ambaye kwa desturi hudhaniwa kuwa ni mama yake, Neeltgen. Lakini nyingi kati ya hizo ziliuzwa kama nyuso tu.

Mwaka 1634, akiwa na umri wa miaka 28, Rembrandt alichora picha ya aina ya kwanza. Mwanamke amevaa nguo nyeusi, kofia nyeupe nyepesi, na ukosi mpana uliokunjwakunjwa mfano wa jiwe la kusagia. Kope zake ni nyekundu kidogo na macho yana majimaji, kama yalivyo macho ya wazee wengi. Kando ya kichwa imeandikwa kwamba umri wake ni miaka 83. Wachunguzi wamemtambua kuwa ni Aechje Claesdochter, mama wa mfanyabiashara wa pombe wa Rotterdam. Kuandika umri juu ya picha ni tendo dogo, lakini maana yake ni kubwa: miaka 83 imetangazwa kama cheo kitangazwavyo. "Utu uzima dawa", wasema Waswahili, na hapa dawa yenyewe imehesabiwa.

Mnamo mwaka 1661 Rembrandt alimchora Margaretha de Geer, mke wa Jacob Trip wa Dordrecht, ambaye umri wake ulikaribia miaka 80. Ameketi akielekea mbele, mikono juu ya kiti, kitambaa cha mkononi kimeshikwa imara. Ukosi wake ni wa mtindo wa ujana wake, uliokwisha kuachwa na vijana wa wakati huo. Matsys alikuwa amelitumia vazi la zamani ili kumcheka mwanamke mzee. Rembrandt alilitumia ili kuonyesha kwamba mwanamke huyu hakubabaishwa na mitindo ipitayo. Vazi ni lilelile kwa hoja. Nia ya mchoraji ndiyo iliyobadilika.

Hata hivyo haifai kuisifu picha hiyo bila ya kuuliza ni nani aliyeweza kuilipia. Ukoo wa Trip na ukoo wa de Geer ulitajirika kwa chuma na silaha. Kaka yake Margaretha, Louis de Geer, ndiye aliyeanzisha mwaka 1649 kampuni ya Kiswidi iliyofanya biashara katika Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, na biashara ya watumwa ikiwa miongoni mwa shughuli za pwani hiyo. Jina la Margaretha limehifadhiwa kwa sababu jamaa zake walikuwa na mali. Wanawake wazee waliouza samaki sokoni Amsterdam walichorwa pia, lakini walibaki kuwa vichwa visivyo na wenyewe. Na wanawake wazee wa Pwani ya Dhahabu hawakuchorwa kabisa na wachoraji hao. Heshima ya picha ilikuwa na bei, na wengi hawakuweza kuifikia.

Mama, au mpango wa rangi

Suala la jina lilizuka tena mwaka 1871, pale James McNeill Whistler, Mmarekani aliyekaa London, alipomchora mama yake, Anna, mwenye umri wa miaka kama 67. Yaelezwa kwamba kwanza mama alisimama, na alipochoka akaketishwa. Basi akaonekana kwa upande, nguo nyeusi, kofia nyeupe, miguu juu ya kibao, mikono mapajani. Whistler hakuipa picha jina la mama yake. Aliiita mpango wa rangi ya kijivu na nyeusi, namba 1. Alishikilia kwamba kwake yeye picha hiyo ina maana kwa kuwa ni ya mama yake, lakini watu wengine haiwahusu mwanamke huyo ni nani. Wao watazame rangi na mistari.

Watu hawakumkubalia. Serikali ya Ufaransa iliinunua picha hiyo mwaka 1891, na sasa imo katika makumbusho ya Orsay mjini Paris. Lakini jina lililoenea duniani ni "Mama wa Whistler". Mwaka 1934 Marekani ilitoa stempu ya posta yenye sura hiyo kwa heshima ya akina mama wote, tena ikaongezewa chungu cha maua ambacho mchoraji hakukichora. Hapa pana funzo lenye pande mbili. Umma ulikuwa na haki ya kudai kwamba sura ya mwanamke mzee si mpango wa rangi tu. Lakini ulipomgeuza Anna kuwa mama wa kila mtu na kumwekea maua, ulimpokonya tena ile nafsi yake. Kumtukuza mtu kupita kiasi kwaweza kumfuta kama kumdharau kunavyomfuta.

Njia ya kutoka katika mtego huo ilipatikana pale wanawake wenyewe waliposhika brashi. Käthe Kollwitz wa Ujerumani, aliyeishi kutoka 1867 hadi 1945, alijichora tangu ujana hadi uzee, na uso wake ukawa kama kumbukumbu ya maisha yaliyompoteza mwana katika vita vya mwaka 1914. Mwaka 1980 Alice Neel wa New York, akiwa na umri wa miaka 80, alikamilisha picha yake mwenyewe: ameketi kitini bila nguo, mvi kichwani, miwani machoni, brashi mkononi. Baada ya "hiki" na "huyu", hatimaye sarufi ya picha ilipata nafsi ya kwanza: "mimi".

Sura isiyozeeka

Mifano yote iliyotangulia ni ya Ulaya na Marekani, na mtu angeweza kudhani kwamba heshima ya mwanamke mzee haipatikani katika sanaa ila mikunjo ya uso ichorwe. Sanaa ya Afrika yakanusha jambo hilo. Katika ufalme wa Benin, uliomo sasa katika Nigeria, Oba Esigie, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 16, alimpa mama yake, Idia, cheo cha iyoba, yaani mama wa mfalme, kwa kutambua msaada wake katika vita na utawala. Sura ya Idia iliyochongwa kwa pembe ya ndovu yajulikana duniani kote. Ngozi ni laini, macho yametulia, paji la uso lina alama mbili za chuma, na kichwani zimepangwa sura ndogo za Wareno. Waingereza waliziteka kazi hizo walipouvunja mji wa Benin mwaka 1897. Moja imo London, nyingine New York. Mwaka 1977 sura ya Idia ilikuwa alama ya tamasha la FESTAC mjini Lagos, ingawa London haikuiazima asili yake.

Mama wa mfalme mwenye mwana mtu mzima hakuwa msichana. Mchongaji alilijua hilo, wala hakukusudia kudanganya. Katika sanaa hiyo uso hauonyeshi kilichouharibu mwili. Waonyesha kilichokamilika katika mtu, yaani utulivu, uwezo na cheo. Miongoni mwa Wayoruba, ngoma za Gelede huchezwa ili kuwaenzi wanawake wazee, ambao hutajwa kwa jina la heshima la "mama zetu". Na vinyago vyake aghalabu vina uso mtulivu usio na alama za uchovu.

Dürer na mchongaji wa Benin, basi, walifika mahali pamoja kwa njia mbili. Mmoja aliweka mikunjo yote akaandika jina. Mwingine aliondoa mikunjo yote akaonyesha cheo. Wote wawili walimjua waliyemfanyia kazi. Kwa sababu hiyo si mikunjo wala ulaini unaotoa haiba.

Afrika ya Mashariki

Katika Kenya, mkusanyiko mkubwa wa picha za sura za wakati wa ukoloni ni ule wa Joy Adamson, mzaliwa wa Austria, aliyepewa kazi na serikali ya kikoloni mwaka 1949 ya kuchora watu wa makabila mbalimbali. Lengo lilikuwa kuhifadhi mavazi na mapambo yaliyodhaniwa kuwa yanatoweka. Mwaka 1967 alichapisha kitabu kuhusu watu wa Kenya, na picha nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Faida ya kazi hiyo kwa mwanahistoria ni kubwa, kwani shanga, ngozi na vipuli vimechorwa kwa uangalifu. Lakini lengo lenyewe liliifanya sura kuwa shahidi wa kabila. Mwanamke mzee aliyechorwa ili pambo la sikio lisisahaulike yuko karibu na tronie kuliko na Barbara Dürer, hata kama mkono wa mchoraji ulikuwa na upole.

Unguja ilitoa mfano mwingine, si kwa brashi bali kwa kamera. Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarab na unyago aliyefariki mwezi Aprili 2013, alipigwa picha katika uzee wake labda kuliko mwanamke mwingine yeyote wa visiwa hivyo, na mwaka 2006 Andy Jones alitengeneza filamu juu ya maisha yake. Umri wake haukujulikana kwa hakika. Katika picha hizo uso una mikunjo tele, na mara nyingi mkono umeshika sigara au ngoma. Hakuna anayemwonea huruma. Jina alilojulikana nalo ni Bi Kidude. Hilo nalo ni neno la ki-, tena la kitu kisicho na maana. Lakini hapana Mswahili aliyesema "Kidude kimeimba". Watu husema, "Bi Kidude aliimba". Mwanamke mmoja alikichukua kiambishi cha kudogosha akakivaa kama kilemba, na sarufi ikamfuata.

Hitimisho

Imeonekana kwamba mwanamke mzee alipitia daraja nne katika picha: kitu cha kuchekwa, mtu anayetazamwa kwa huruma au upendo, mtu mwenye jina, na hatimaye msemaji wa nafsi yake. Daraja hizo hazikufuatana kwa usawa kila mahali. Benin ilikuwa na iyoba mwenye jina wakati Antwerp ikicheka.

Jambo hili lawahusu wanachuo wa lugha kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki, pamoja na msamiati mwingi uliomo katika kamusi, imekusanywa kwa kiasi kikubwa kutoka vinywani mwa wanawake wazee. Watambaji hao mara nyingi wametajwa kwa maneno kama "kikongwe mmoja wa kijijini" au "bibi mmoja". Ngano imehifadhiwa kwa uangalifu, lahaja imetajwa, tarehe imeandikwa. Mwenye ngano ameachwa. Hiyo ni tronie ya maandishi. Dürer alihitaji mstari mmoja tu juu ya karatasi ili kumtoa mama yake katika kundi la vizee na kumfanya Barbara mwenye miaka 63. Mtafiti aliyeketi ukumbini mwa bibi na kunywa maji yake hana udhuru wa kushindwa kuandika mstari kama huo, mradi mwenyewe ameridhia: jina lake, umri wake ukijulikana, na mahali alipoishi. Pasipo mstari huo, hata sifa nyingi namna gani zitamwacha palepale alipowekwa na neno "hiki".